Usiku Mmoja Uliorudiwa

Kikao cha LUKU kiliitishwa uani baada ya swala ya alasiri, na Bi Mwanne alijua kabla hajakaa kwamba kimeitishwa kwa ajili yake. Walikuwa wamemwachia ndoo moja iliyopinduliwa, katikati kabisa, mahali ambapo kila mtu anamwona anayeikalia. Akaikalia. Mkononi alikuwa bado ana gunia la mpunga na sindano yake ya shazia, maana mwenye magunia wa Mtaa wa Mchikichi alikuwa anayataka kabla ya magharibi, naye akaona heri aendelee kushona viraka kuliko kutazamwa mikono mitupu.

Nyumba hiyo ya Mtaa wa Sikukuu ilikuwa moja ya chache za chini zilizobaki Kariakoo. Maghorofa yalikuwa yameibana pande zote, hata jua liliingia uani saa za adhuhuri tu, likachungulia, likaondoka. Wapangaji wote walitumia mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zikikaribia kwisha, Mzee Marcelino, fundi viatu kutoka Masasi, hupita mlango kwa mlango na kofia yake mkononi, akikusanya michango. Siku hizo alikuwa anapita mara nyingi mno, na kofia ilikuwa inarudi nyepesi.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alianza Mama Goodluck, na kila mtu akajua ugomvi umefika. "Nina friji moja. Nauza barafu na juisi ya ukwaju, watoto wanakula. Mchango natoa. Lakini humu ndani kuna mdude unanguruma usiku na mchana. Hauzimwi, haulali, haupati hata homa. Jamani, hata punda anafunguliwa mkokoteni!"

Watu wakacheka.

"Ni kompyuta ya Shadya," alisema Bi Mwanne. "Kazi ya chuo."

"Tunajua ni kompyuta. Kwani sisi tumetoka porini? Anatengeneza nini huko ndani usiku kucha?"

"Hatengenezi kitu. Anapiga hesabu za kinu cha nyuklia."

"Kinu?" Mama Goodluck akapiga makofi. "Haya, na mchi unao wewe?"

Hapo hata Mzee Marcelino aliziba mdomo kwa kofia. Bi Mwanne alivuta uzi mpaka ukakaza, akaukata kwa meno. Kuchekwa hakukumuuma sana. Alishachekwa sana mjini hapa. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na neno la kuwajibu. Mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki anafanya kazi ambayo yeye hawezi hata kuisimulia.

"Dada Mwanne," alisema Marcelino, akilainisha sauti, "hatusemi mtoto asisome. Tunasema mashine ifanye kazi usiku, mchana ipumzike. Kila mtu apate haki yake. Zungumza naye."

"Nitazungumza naye."

Hakuzungumza. Jioni Shadya aliingia viatu mkononi, vumbi la Mnazi Mmoja mpaka kwenye magoti, kwa kuwa alikuwa ametembea tena ili nauli ibaki. Alimletea mjomba wake, Ridhiwani, andazi kwenye karatasi, akasema yeye ameshakula chuoni. Bi Mwanne alimtazama shingo, mishipa ilivyosimama, akajua kilicholiwa huko ni maji. Akimwambia habari za LUKU, mtoto atasema, "Nitalipa mimi, Bibi," na atakitoa hicho cha kulipa mdomoni mwake.

Kesho yake asubuhi, Shadya alipokwisha kukata kona, Bi Mwanne aliweka gunia chini, akafuta mikono kwenye kanga kama mtu anayetaka kupokea mtoto mchanga, akabonyeza swichi ya ukutani. Ule mngurumo ukafa. Chumba kikawa kimya hata ukasikia wapagazi mtaani wakipiga kelele za kuomba njia.

"Mama, umezima?" Ridhiwani aliuliza kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa mwanawe wa mwisho, mpagazi, mpaka siku rundo la magunia ya sukari lilipomwangukia ghalani. Tangu hapo miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Inapumzika. Na wewe lala."

"Mimi? Mimi nimelala mpaka kitanda kimechoka."

Kabla ya magharibi aliwasha tena. Mashine ikaamka yenyewe, herufi nyeupe zikashuka kwenye kioo, ikaanza kunguruma kama vile hakikutokea kitu. Bi Mwanne akashusha pumzi. Akafanya hivyo kesho yake, na keshokutwa, mpaka ikawa kazi kama kazi nyingine: kuteka maji, kumgeuza Ridhiwani, kuzima, kushona, kuwasha.

Jumapili moja Ridhiwani na Mzee Marcelino walikuwa wanacheza karata juu ya kitanda, Shadya akiwa amekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai.

"Hebu tuambie na sisi," alisema Ridhiwani. "Watu uani wananiuliza mpwa wangu anafanya nini, nawajibu bomu. Wananiheshimu sana."

"Mjomba! Si bomu." Shadya alicheka, akanyoosha mkono. "Nipe hizo karata."

Akazichanganya. Akawaeleza kwamba huko ng'ambo kuna kinu kidogo cha utafiti, kimekaa chini ya bwawa la maji. Ndani ya maji yamesimamishwa mabamba membamba ya metali, yamepangwa karibukaribu kama vitabu kwenye rafu, na maji yanapita katikati kuyapoza. Moto wake hauna mwali wala moshi. Umo ndani ya bamba lenyewe.

"Sasa hakuna anayejua unene wa kila bamba sawasawa. Kiwandani wanasema ni kiasi fulani, lakini moja limezidi kwa unywele, jingine limepungua. Pampu nayo haisukumi maji kwa nguvu ileile siku zote. Basi kompyuta inachomoa karata ya unene, inachomoa ya maji, inachomoa ya moto, inapiga hesabu: je, bamba limepata joto kupita mpaka? Inaandika. Inachanganya tena, inachomoa tena. Maelfu ya mara. Wenye kinu wanataka kukiongezea nguvu, na wanataka kujua kwanza, katika mara zote hizo, ni ngapi zinavuka mpaka."

"Na likivuka?" aliuliza Marcelino.

"Linaweza kuvimba likapasuka, na kilichomo kikatoka kwenye maji. Juu ya bwawa kuna watu kazini, Babu. Wanasimama ukingoni, wanatazama chini vile unavyotazama kisima."

"Si useme tu kiko salama au hakiko salama," Ridhiwani alisema. "Mambo mengi ya nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Mjomba. Kujua uhakika wetu ni wa kiasi gani. Kila inavyozidi kuchanganya, ndivyo tunavyozidi kujua. Ndiyo maana siizimi."

Kikombe cha Bi Mwanne kilisimama njiani. "Na ikisimama kidogo?"

"Umeme ukikatika? Hilo nimelipangia, Bibi. Ukirudi, inawaka na kuendelea yenyewe."

"Inaendelea," alisema Bi Mwanne.

"Inaendelea."

Ridhiwani alimtupia mama yake jicho. Yeye akamrudishia jingine, kali, la kumwambia acheze karata zake. Moyo ulikuwa umemtulia. Mwenye mashine mwenyewe amesema.

Nyumba iliuzwa. Habari zilikuja kama zinavyokuja siku zote: kwanza watu wa kupima, halafu uvumi, halafu karatasi yenye muhuri iliyobandikwa mlangoni, kwamba mwisho wa mwezi wapangaji wawe wametoka, litasimama ghorofa la maduka. Mama Goodluck alipata chumba Tandika. Vijana wa chumba cha nyuma waligawanyika kwa marafiki. Bi Mwanne alizunguka Ilala, Buguruni, hadi Vingunguti, kichwa kinagonga kwa jua.

Si kwamba vyumba havikuwapo. Vilikuwapo mpaka alipotaja mgonjwa.

"Anajikojolea?" mama mmoja wa Buguruni alimuuliza hapohapo barazani, wateja wake wa mkaa wakisikia.

"Hapana, mwanangu. Nampa chombo."

"Choo chetu kina ngazi. Halafu, usinielewe vibaya, Bibi, hapa si hospitali. Mtu akinifia humu, nani atapanga tena?"

Bi Mwanne alimshukuru. Njia nzima alijiuliza alikuwa anamshukuru kwa lipi.

Siku hiyohiyo alimkuta Shadya amekaa sakafuni, simu mapajani, analia na kucheka. Daktari Pius, msimamizi wake, alikuwa amepiga. Matokeo ni mazuri, alisema, hajaona kazi safi namna ile kwa mwanafunzi. Nukta zote zimekaa pamoja, chini ya mpaka, hakuna hata moja iliyokaribia. Wenye kinu wametuma wageni. Alhamisi atayawasilisha mbele yao, na taasisi moja ya utafiti, ya mkoani, inamngoja kwa mkataba. Mkataba una nyumba.

"Nyumba gani?" aliuliza Ridhiwani. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ya chini. Ina uzio. Mlango mpana."

"Haina ngazi?"

"Haina, Mjomba. Nimeuliza mara mbili."

Ridhiwani aligeuza uso ukutani. Bi Mwanne alikwenda kumwekea mkono, akaona ni bora amwache.

Wapangaji waliobaki wakakusanyika uani. Mama Goodluck, pamoja na mdomo wake, alileta dumu zima la juisi na hakutaka chochote. Akammiminia Shadya kwenye bilauri ya wageni.

"Kunywa, injinia wetu. Na ukifika huko usijifanye hutujui, maana hiyo nyuklia na sisi tumeichangia. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele, nakubali, lakini bibi yako muungwana. Tulivyokubaliana tu, hakuvunja ahadi. Ukitoka asubuhi anazima, ukikaribia kurudi anawasha. Friji yangu ikapumua!"

Bilauri ilibaki mdomoni mwa Shadya. Alimtazama Mama Goodluck, kisha akamtazama bibi yake.

"Anazima nini?"

"Si mashine yako?" Mama Goodluck aliangalia huku na huku. "Kwani hujui?"

Shadya aliweka bilauri juu ya karo la kufulia, taratibu, akaingia ndani.

Bi Mwanne alimfuata. Mtoto alikuwa amekaa mbele ya kioo, safu za namba zinapita, kidole kikizifuata. Akasimama kwenye namba moja. Akashuka mbali, akaikuta tena. Akashuka tena, akaikuta. Alikuwa anahema kama aliyepandisha mlima.

"Kila siku, Bibi?"

"Kila ulipotoka. Wewe si ulisema inaendelea yenyewe? Nilikusikia kwa masikio yangu haya."

"Nilisema." Shadya alijifuta uso kwa viganja. "Nilidhani hivyo. Kila ikiwaka niliipa namba ileile ya kuanzia, ili Daktari akirudia hesabu zangu apate nilichopata mimi. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kumbe ikizimwa, karata zinarudi zilivyokuwa mwanzo. Inachomoa zilezile, kwa mpangilio uleule. Umeme ungekatika siku moja moja isingekuwa neno. Ila kila asubuhi..." Kidole kilirudi kwenye ile namba. "Nilikuwa naona idadi haipandi nilivyotarajia, nikasema ni joto la chumba linaichelewesha. Lilikuwa jibu rahisi, nikalichukua."

"Sasa zimeharibika?"

"Ni usiku mmoja, Bibi. Kazi yote hii ni usiku mmoja uliorudiwa. Ndiyo maana nukta zimekaa pamoja. Hazikukaa pamoja kwa usalama. Ni nukta zilezile."

Bi Mwanne aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Mikono yake, ambayo haikuwahi kukosa kazi, ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Nani mwingine anayejua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi."

"Basi nini?"

"Sema Alhamisi ulichokwisha kusema. Tuhamie kwanza. Tukishaingia ile nyumba, utarekebisha."

"Bibi, wakinisikiliza wataongeza nguvu kwenye kinu."

"Pengine ni salama hivyohivyo!"

"Pengine."

"Shadya. Mwezi unakwisha. Nimezunguka mpaka nyayo zinawaka, hakuna anayemtaka mjomba wako. Nimwanike barabarani? Nimlaze pale Mnazi Mmoja kama mzigo uliokosa mwenyewe?" Akaona maneno hayatoshi. Akashuka kitandani, goti moja, la pili. "Haya. Sijawahi kumpigia mtu magoti ila Mungu. Nakuomba."

Shadya aliruka kwenye kiti kama aliyechomwa moto. "Bibi, usinifanyie hivyo! Inuka! Utaniachia laana!" Alimshika kwapani akamwinua, wakabaki wameshikana, na Bi Mwanne akahisi mbavu za mtoto chini ya gauni, moja moja.

Shadya alimpigia simu Daktari Pius mbele yake, akaweka sauti ya juu, akamweleza yote. Daktari hakufoka. Alisikika akifunga mlango.

"Sikiliza, binti yangu. Wageni wameshapanda ndege. Mimi jina langu liko juu ya ile ripoti. Wasilisha ulichonacho, masahihisho tutawapelekea baadaye kimyakimya. Ni kosa dogo."

"Daktari, tutasemaje ni dogo wakati hatujaupima ukubwa wake?"

"Unaijua nafasi yenyewe? Wako watu kumi wanaingoja mlangoni."

"Najua. Naijua kuliko wote."

Shadya akabadilisha ile namba ya kuanzia, akaiacha mashine ifanye kazi. Siku zile hakuna aliyemgombeza kwa umeme. Mama Goodluck mwenyewe alizima friji yake, barafu zikayeyuka, akazigawa kwa watoto wa mtaani huku akitukana hewani bila kutaja mtu. Bi Mwanne alikuwa akipita karibu na kioo, akiuliza, "Vipi?" na Shadya akijibu, "Bado." Siku ya Jumatano hakuuliza. Alimwona mtoto ameweka kichwa juu ya meza, akaelewa.

"Zimevuka?"

"Chache, Bibi. Chache sana. Lakini zimevuka."

Alhamisi Bi Mwanne alikwenda naye. Alivaa baibui lake la sikukuu, akapaka mafuta visigino, akaketi safu ya nyuma ya ukumbi wa chuo, karibu na meza ya chai, mahali ambapo mhudumu mmoja alidhani ni mwenzake akamwomba asogeze chupa.

Walizungumza Kizungu. Bi Mwanne alifuata kwa macho. Ukutani palitokea picha: mstari mwekundu umelala, na chini yake nukta nyingi zimesongamana, nzuri, kama mtama uliomwagwa mahali pamoja. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Daktari Pius alikunja mikono. Shadya akabonyeza kitu, picha ikabadilika. Nukta zikatapanyika ukuta mzima, na chache zikasimama juu ya ule mstari mwekundu, peke yao.

Bi Mwanne hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, aliuliza jambo. Shadya alijibu akiwa amenyooka, mikono nyuma. Katika jibu lake Bi Mwanne alilikamata neno moja tu, Kariakoo, na Shadya alipolitaja wengine wakacheka. Yule mgeni hakucheka. Aliandika, akauliza tena, na Shadya akajibu kwa ufupi, safari hii akiangalia sakafu.

Baadaye, kwenye korido, Daktari Pius alimjia. "Shikamoo, Bibi," alisema, maana malezi ni malezi. "Marahaba," aliitikia Bi Mwanne. Daktari alisimama akizungusha kalamu. "Wageni wameshukuru, na wamesimamisha mpango wao. Taasisi nayo imesema haiwezi kumchukua mtu ambaye kazi yake haijakamilika. Mwakani, labda. Nafasi imekwenda kwa kijana mwingine."

"Yule mama alimuuliza nini mara ya pili?"

"Aliuliza nani alikuwa akiizima kompyuta. Mjukuu wako akasema ni uzembe wake mwenyewe, hakupanga vizuri." Daktari alimtazama kidogo, kama anayengoja kitu. Bi Mwanne alifungua mdomo. Wageni walikuwa wanapita na vikombe vyao, wanene, wasafi, wananukia. Akaufunga.

Nyumbani, Ridhiwani alikuwa amenyolewa. Mzee Marcelino alimnyoa ndevu asubuhi, akamvisha shati jeupe, akamkalisha kwa mito akitazama mlango. Walipoingia alisoma nyuso zao, lakini akauliza hivyohivyo.

"Lini tunahama?"

Shadya alikaa kwenye mkeka na viatu vyake.

"Kazi hakuna," alisema Bi Mwanne. "Amewaambia ukweli, wamempa mtu mwingine."

"Amewaambia." Ridhiwani alirudia kama anayeonja kitu kichungu. "Kwani nani angejua, Shadya? Huko ng'ambo. Watu ambao hata hatuwafahamu. Ungenyamaza mwezi mmoja tu. Mwezi!"

Yalikuwa maneno ya Bi Mwanne mwenyewe, karibu neno kwa neno. Alidhani akiyasikia kutoka kwa mwingine yatamfariji. Badala yake aliona uso wa mtoto ukipokea kila neno kama kofi, akaukumbuka na uso ule siku yeye alipompigia magoti, na akashindwa kustahimili.

"Ridhi, koma. Mimi ndiye niliyezima. Kwa kidole changu. Na leo ameulizwa mbele ya watu, hakunitaja. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Kama una matusi, haya, nipe mimi."

Ridhiwani hakutoa tusi. Alitazama miguu yake, iliyonyooshwa ndani ya suruali ya pasi. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nitabebwa mpaka lini?"

Nje mwenye mkokoteni alikuwa akigombana na mwenye duka, na ugomvi wao ulisikika wazi wazi, wa watu wenye shida nyepesi.

Mzee Marcelino alikohoa mlangoni. Alikuwa amesimama hapo muda. "Kuna chumba Mbagala," alisema. "Ni cha shemeji yangu. Nimemweleza kuna mgonjwa, amekubali. Ila..." Aligeuza kofia yake. "Nyumba iko kwenye kilima. Ina ngazi za mbele, za udongo, mvua ikinyesha zinateleza. Nami siku za kuhama sitakuwepo, nakwenda Masasi kwenye msiba. Mtakuwa nyinyi wawili."

Bi Mwanne alimtazama Shadya, mwembamba, shingo kama kikonyo cha jani la mpapai. Akajitazama mwenyewe. Kisha akafunga kanga kiunoni, mafundo mawili.

"Vua hilo baibui la kufanyia mikutano," alijiambia kwa sauti, akalivua, akalitupa kitandani. "Shadya, inuka. Shika miguu. Tujaribu hapa barazani kabla hatujafika huko."

"Mama, watu wanapita."

"Wapite."

Wakamtoa. Baraza la nyumba ile lilikuwa na kizingiti kirefu cha kushukia mtaani. Mara ya kwanza Shadya alitangulia na miguu, kichwa cha Ridhiwani kikazidi kuinama, akaguna. Wakamrudisha juu. Mara ya pili Bi Mwanne alitangulia yeye, kinyumenyume, wakafika chini, lakini goti lake likatetemeka na nusura wamwachie. Mpita njia mmoja aliyebeba majora ya vitambaa akasimama. "Mnamfundisha nini huyo?" Akaenda zake. Mara ya tatu walimfunga kanga chini ya kwapa, ikateleza. Shadya akasema wakaze juu zaidi. Wakakaza. Ikakaa.

Jasho lilikuwa linamtoka Ridhiwani kana kwamba yeye ndiye anayebeba. "Mkiniangusha huko Mbagala," alisema, meno yameumana, "nitateleza mpaka barabarani."

"Ndiyo tunachotaka kujua," alisema Shadya, akihema. Alikuwa anatazama mguu wake ulipokanyaga, mkono wa bibi yake ulipo, fundo la kanga. "Na kama ngazi imelowa? Bibi, kuna maji kwenye ndoo?"

Bi Mwanne aliingia uani, akarudi na ndoo, akaimwaga yote kwenye kizingiti. Saruji ikawa nyeusi, inang'aa. Akavua kandambili zake, akajaribu kwa unyayo, akainama tena kwenye mabega ya mwanawe.

"Haya," alisema. "Tena."